Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu: Liondoeni Jina

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima. Barua zangu mbili za awali zilipokelewa na kugongwa muhuri ofisini kwako, hazikujibiwa. Hii ya tatu naiweka hadharani kwa sababu wiki iliyopita mwanangu alirudi nyumbani katikati ya vipindi, begi mgongoni, barua mkononi: amesimamishwa masomo siku tano kwa "utovu wa adabu kwa maandishi".

Maandishi yenyewe ni jibu lake kwenye dodoso lenu. Mwaka jana, katika mkutano wa wazazi, uliahidi kwamba kanuni za nidhamu zitapitiwa upya na wanafunzi ndio watakaoulizwa kwanza. Tulikupigia makofi. Mimi nilisimama kabisa.

Wameulizwa hivi. Juu ya karatasi, jina na darasa. Chini yake maswali ya ndiyo au hapana, na mistari mitatu ya maoni. Mwalimu wa nidhamu, yule yule anayetoa adhabu, alipita kati ya madawati watoto wakijaza, kisha akazikusanya kwa mkono wake. Wanafunzi waliokaa na mwanangu waliandika "sina maoni". Yeye aliandika kwamba darasa zima likiadhibiwa kwa kosa la mmoja, yule mmoja hakomi, na waliobaki wanaacha kuwaamini walimu. Ana miaka 13. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta tusi, silioni.

Simwoni mwalimu yule kuwa mtu mbaya. Nadhani amelemewa na darasa kubwa, na huenda hakuna aliyemweleza kuwa safari hii kazi yake ni kusikiliza. Au mlikuwa mnakimbizana na ripoti.

Siku ile ulitutajia Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12: mtoto atoe maoni yake kwa uhuru katika yanayomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Uhuru gani huo, jina liko juu ya karatasi na mwenye adhabu amesimama mgongoni?

Zamani nikimuuliza mwanangu habari za shule alisimulia mpaka chakula kinapoa. Sasa ni "nzuri tu", anaingia chumbani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Naomba barua ile ya kumsimamisha itolewe kwenye jalada lake. Naomba dodoso lirudiwe, mwalimu wa nidhamu akiwa nje, karatasi ziingie kwenye sanduku lenye kufuli, kisha wanafunzi waelezwe kipi kimekubaliwa, kipi kimekataliwa na kwa nini. Mengine yakishindikana, basi jina tu. Liondoeni jina, Mheshimiwa.

Jumatatu anarudi shuleni. Jana usiku aliniuliza, likija dodoso jingine aandike nini. Bado sijamjibu.

Mimi, mzazi.