Kukichunguza kitabu cha Masingasinga si kukitukana

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kitabu kitakatifu cha Masingasinga nimeisoma kwa furaha, maana magazeti yetu huwataja watu hawa kwa nadra, labda pale tu msafiri anapokumbuka chakula cha bure alichokula gurdwara (hekalu la Masingasinga) ya Makindu akielekea Nairobi. Hata hivyo yapo mawili ya kurekebisha.

La kwanza ni dogo. Mwandishi amechanganya Kartarpur mbili. Ile ambayo mahujaji walifunguliwa njia ya kuvuka mpaka mwaka 2019 iko Pakistan, na ndiko Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hiyo, alikoishi miaka yake ya mwisho. Kitabu anachokizungumzia, kile anachokiita nakala ya asili, kipo Kartarpur nyingine, karibu na Jalandhar nchini India, mikononi mwa ukoo wa Sodhi.

La pili ni kubwa. Ameandika kana kwamba suala la nakala ya asili limekwisha. Halijaisha. Kwamba Guru Arjan, guru wa tano, alikusanya tungo za kitabu hicho Amritsar, Bhai Gurdas akishika kalamu, na kazi ikakamilika mwaka 1604, hilo Masingasinga wanalikubali. Ubishi ni je, kitabu cha Kartarpur ndicho chenyewe alichokiandika Bhai Gurdas, na hati nyingine kongwe zina uzito gani mbele yake?

Mimi naelekea upande wa Kartarpur, na sababu yangu ni uchafu wake. Kuna shairi la Mira Bai, mshairi wa Kihindu, lililoandikwa kisha likakatwa kwa kalamu. Katika sehemu ya Ramkali, moja ya raga (mahadhi) ambazo tungo zimepangwa kwazo, kuna mistari miwili tu ya utungo wa Guru Arjan, halafu nafasi tupu. Wanaokitetea huonyesha pia orodha ya tarehe za vifo vya maguru: wanne wa mwanzo wameandikwa kwa mkono mmoja, lakini tarehe ya Guru Arjan, aliyeuawa Lahore mwaka 1606, imeongezwa kwa kalamu nyingine. Mtu anayeghushi hupenda kazi safi. Hajisumbui kuandika shairi ili alikate.

Lakini hata nafasi hiyo tupu ina maswali yake. Zile nakala nyingine za kitabu hicho zinazoitwa za Banno, ambazo kongwe yake ina tarehe ya 1642, zina utungo huo mzima, pamoja na shairi la Mira Bai ambalo halikukatwa. Nani aliongeza, nani aliondoa? W. H. McLeod, msomi kutoka New Zealand, aliliuliza hilo akaonekana adui wa dini. Jodh Singh alikuwa amekwisha kukipitia kitabu cha Kartarpur miaka ya 1940 na kukitetea, ila wasomi waliopata nafasi kama yake wanahesabika. Sisi wengine tunabishana juu ya kitabu ambacho hatujakiona.

Linganisheni na hati nambari 1245, ambayo Chuo Kikuu cha Guru Nanak Dev kilichopo Amritsar kiliinunua mwaka 1987. Pashaura Singh, katika tasnifu yake ya Toronto ya 1991, alisema ni rasimu ya Guru Arjan kabla ya 1604. Wapinzani wake waliifungua wakaonyesha orodha ya tarehe za vifo: maguru wote watano, Guru Arjan mwenyewe akiwemo, kwa mkono uleule mmoja. Sasa rasimu ya kabla ya 1604 itajuaje kifo cha 1606? Kwangu hoja hiyo ilitosha. Lakini kuna walioona haitoshi. Mwaka 1994 Pashaura Singh aliitwa Akal Takht, mamlaka kuu ya kidini ya Masingasinga, akapewa adhabu ya kidini. Kabla yake Piar Singh, ambaye kitabu chake kuhusu hati hizi kilichapishwa na chuo hichohicho mwaka 1992, alipata msukosuko kama huo, na kitabu kikazuiwa kuuzwa. Ukurasa ulikuwa umekwisha kujibu. Wito wa nini tena?

Na wakati watu wanaitana, hati zinapotea. Pothi (kitabu cha tungo kilichoandikwa kwa mkono) ya mji wa Guru Harsahai, iliyoaminiwa kuwa ya Guru Nanak mwenyewe, iliibwa kwenye treni mwaka 1970. Juni 1984 jeshi la India lilipovamia Hekalu la Dhahabu la Amritsar, maktaba ya hati za kale iliyokuwa humo ilitoweka, na hadi leo haijakubaliwa ni ngapi ziliungua na ngapi zilibebwa. Halafu kuna desturi ambayo haitajwi sana: nakala iliyochakaa huchomwa moto kwa heshima, kama maiti anavyochomwa, na Goindwal ni moja ya mahali pa kufanyia ibada hiyo. Mji huohuo ndiko zilikotoka pothi za karne ya 16 ambazo wasomi wanazitamani kuliko dhahabu! Naiheshimu desturi, lakini nakala iliyoandikwa kwa mkono isifike motoni kabla haijapigwa picha jalada hadi jalada, na kurasa tupu zisirukwe. Panjab Digital Library ya Chandigarh inaifanya kazi hiyo tangu 2003. Kama kuna gurdwara au familia hapa Afrika Mashariki yenye kitabu cha mkono kilichokuja na babu aliyefika kujenga reli, basi iwaandikie wao kabla ya kuwasha kuni.

Msomaji wenu,
Mombasa