Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuokoa Punda na Mbwa Tukiwa Mbali

Ndugu wanachama mlioko Mombasa, Nairobi, Maskati na Toronto, salaam.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulisambaza picha za mbwa waliopotea. Tulitafsiri karatasi ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, ile inayosema jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kabla ya kukimbilia sindano. Zamu ya simu za usiku iliendelea, ingawa tangu Juni tulibaki watatu, nami mmoja wao. Ada 27,600, michango 33,800, matumizi 58,950.

Sasa niingie kwenye lile linalosemwa pembeni. Januari nilizuia shilingi 40,000 za punda wa Lamu. Picha ilikuwa ya kuliza: punda kalala ubavu, kamba ya kijani shingoni, mgongo umechimbika kwa kidonda cha mizigo. Mkaanza kuchanga papo hapo, na mimi nikaitwa roho ngumu. Lakini nilitazama nyuma ya punda nikaona madimbwi. Januari, kaskazi inavuma, ni kiangazi, madimbwi Lamu yametoka wapi? Nikaomba video fupi ya punda huyohuyo. Hadi leo naisubiri. Na kumbukeni, 40,000 zinapita ada zote za mwaka.

Ndipo nikatoa sharti: bila video ya siku hiyo pesa hazitoki, na zikitoka ziende kwa kliniki au daktari wa mifugo, si mfukoni mwa mtuma picha. Najua katiba inataka kamati ipige kura. Kamati ina watu saba. Niliwapigia wote usiku ule, wakapokea wawili.

Kuhusu mtoto wa mbwa wa Malindi aliyekufa tukisubiri video, niliumia kama ninyi. Ila alikuwa siku ya tatu akihara damu, hana chanjo, na daktari alituambia hata angeletwa jana yake asingeahidi kitu. Kuandika kwenye kundi kwamba "mwenyekiti ameua" si uungwana. Hata hivyo nimelegeza: daktari akithibitisha kwa simu, 5,000 za mwanzo zitatoka bila video.

Wengi wa wanaolalamika sikuwaona mkutano wa Agosti. Katika wanachama 64 tuliingia mtandaoni tisa, mmoja kamera kafunga, tunasikia tu vyombo vikioshwa. Waliolipa ada ya 1,200 ni 23.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutapata daktari wa kudumu wa kutushauri kwa simu. Pia tungependa kuchangia jambo katika marufuku ya Umoja wa Afrika ya Februari 2024 dhidi ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Namna gani, tutazungumza.

Risiti zote anazo mweka hazina. Anayetaka kuzikagua ampigie yeye, na iwe mchana.