Wanafunzi watolewe nje, hesabu zipo kwenye majani

Mhariri,

Naomba kanafasi niongelee hesabu za mashuleni. Kuna mada ya fraktali, yaani umbo ambalo ukichukua kipande chake unakuta kinafanana na zima lake, na kipande cha kipande nacho hivyohivyo, sasa nikiwagusia walimu wenzangu wengi wananijibu hiyo ya chuo, inataka kompyuta. Mi nabisha. Huku Morogoro ukipanda kidogo tu Uluguru makangaga yamejaa, mpe mtoto jani moja akae nalo, atakwambia mwenyewe kwamba kila kijitawi cha pembeni kina sura ya jani zima, na hapo hujaandika fomula hata moja ubaoni.

Lakini kwangu mimi utamu uko pwani. Tafuta urefu wa pwani ya Tanzania, huku utaambiwa kilomita 800 hivi, kule 1,424. Visiwa vimehesabiwa au havijahesabiwa, hilo moja, ila hata ukibaki bara tu, ukipima kwa hatua fupi unajikuta unaingia kila kighuba na kila mdomo wa Rufiji na namba inazidi kupanda. Mwanahisabati Mandelbrot aliuliza swali hilohilo kuhusu pwani ya Uingereza mwaka 1967, jina lenyewe fraktali akaja kulitunga 1975. Darasani unahitaji atlasi na bikari basi, mwanafunzi aifungue sentimita 2 atembeze kuanzia Tanga mpaka Mtwara, afu arudie na 1, afu nusu, alinganishe majibu. Mapafu, radi, matawi ya mwembe, hayo watayaona wenyewe wakishashika.

Ila walimu tusidanganye watoto kwamba kila kinachojirudia ni fraktali. Sega la nyuki linajirudia lakini vyumba vyake ni saizi ileile, hakuna kidogo ndani ya kikubwa. Na kangaga nalo linarudia mara mbili tatu linaishia hapo, haliendi milele kama michoro ya kwenye vitabu, mtoto akiuliza kwa nini mwambie ukweli, chini ya hapo ni seli na seli haina sura ya jani.

Wanaotunga vitabu watuwekee zoezi la pwani kwenye mada ya vipimo, na swali la mtihani lisiwe pwani ina kilomita ngapi, liwe kwa nini wewe na jirani yako mmepata majibu tofauti.

Mwalimu wa hesabu,
Morogoro