Mama, sijajirudi

Birmingham, Uingereza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na dawa ya presha unaimeza kila siku, siyo siku ya kuumwa kichwa tu. Hela za mabati nimeshamtumia Hamisi. Nimempa yeye kwa makusudi. Rajabu akiuliza kwa nini hazikupitia kwake, aniulize mimi.

Maana anayoyasema yamenifikia. Zuhura kaniambia Rajabu ametangaza kwenye kundi la ukoo kwamba nimeacha sindano za homoni, basi nimejirudi, na karibu mtamwona binti yenu wa zamani. Shangazi Mwanahawa akajibu kwa alhamdulillahi. Imeniuma, mama. Jambo nililokwambia wewe peke yako limekuwa la kushangilia.

Testosteroni, homoni ya kiume ya sindano hizo, nimeiacha kwa sababu mimi na Grace tunataka mtoto. Grace hawezi kubeba tangu alipotolewa kizazi kwa ajili ya uvimbe. Changu kipo, sikukitoa. Dawa ile inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo lazima iishe mwilini kwanza. Sababu ni hiyo, hakuna nyingine. Sauti yangu haitarudi nyuma, ndevu zipo, na mimi ni Idrisa, mwanao wa kiume. Mwanaume kubeba mimba ni jambo geni Tanga, na hata huku watu hugeuka kutazama, lakini si mimi wa kwanza. Thomas Beatie wa Marekani alijifungua mwaka 2008, naye kwa sheria ya kwao alikuwa mwanaume.

Kinachonishughulisha usiku ni selimundu. Haidroksiyurea, dawa iliyonipa miaka ya kulala bila maumivu, nayo inabidi isimame miezi mitatu kabla ya mimba kutungwa. Foliki inaendelea, vile vidonge vya njano ulivyokuwa ukinipa na uji, miligramu 5 kila siku. Wamenipima moyo, figo na macho, kwa sababu mimba huvielemea. Ikishatunga nitaanza aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12, na daktari wa damu atakaa meza moja na daktari wa uzazi. Maumivu yamerudi kidogo, usihangaike, nayamudu.

Siku ya kliniki muuguzi alitoka na kikopo cha mkojo, akaita jina langu, akatuangalia sisi wawili, akamkabidhi Grace. Grace akanipa mimi bila neno. Muuguzi akaona haya, akaomba radhi, na tangu siku hiyo ndiye anayenipigia mwenyewe kunipa majibu.

Sasa sikiliza hili, kisha umsomee Shangazi. Miaka yote amesema ugonjwa wangu umetoka kwenye damu ya kwenu Pangani. Daktari amenichorea kwenye karatasi. Anayeugua amerithi upande mmoja kwa mama na upande mmoja kwa baba, pasipo pande mbili hakuna selimundu. Marehemu baba naye alikuwa na upande mmoja, bila kuumwa, kama wewe. Kila mimba yenu ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye selimundu. Marehemu Salim wetu hakurogwa na mtu, wala hukumuua wewe. Shangazi aliyasema maneno yale msibani mbele ya watu, na mimi nilikuwepo, mdogo lakini nasikia. Anapaswa kukuomba radhi.

Mtoto wangu hataumwa. Mbegu tutapata kwa mchangiaji aliyepimwa, asiye na selimundu hata ya kurithisha, kwa hiyo mtoto atachukua upande wangu tu. Najua utauliza habari ya nasaba. Kwa sheria ya huku, akifika miaka 18 ana haki ya kujua mchangiaji huyo ni nani. Hakuna kitakachofichwa.

Kinachonikera ni cheti cha kuzaliwa. Freddy McConnell, mwanaume kama mimi, alijifungua akaenda mahakamani ili aandikwe baba. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema anayezaa ataandikwa mama, hata kama sheria yenyewe imeshamtambua kuwa mwanaume. Wataandika wanavyotaka. Nyumbani kwangu mtoto ataniita baba.

Na ujue nimefaulu mtihani wa mwisho wa uhasibu! Cheti kimeandikwa Idrisa, kiko ukutani sebuleni, kila mgeni anakiona akiingia. Nilisoma nikiwa na dripu mkononi. Waambie wale waliosema mtoto wa selimundu hamalizi hata fomu foo.

Harusi ya Zuhura sitafika, na mchango wangu umeshaenda. Nikiwa katika hali hii malaria ni hatari kubwa kwangu, daktari amenikataza kuja pwani. Nimelia, mama. Nataka samaki wa soko la Deep Sea na wali wako wa nazi, nataka kulala kwenye mkeka barazani nisikie wenyewe mnavyobishana.

Naomba mambo mawili. Kwanza daftari lako la jalada la bluu, ulipoandika kila tulipolazwa hospitali ya Bombo na kila nilipoongezewa damu. Daktari anataka kujua niliongezewa mara ngapi na kama mwili uliwahi kuikataa damu. Hamisi apige picha kila ukurasa. Uniambie na mimba zako zilikwendaje, presha ilipanda lini, nani alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Usinifiche kwa kunionea huruma.

Pili, anza kushughulikia pasipoti. Mimba bado, Mungu ndiye mpaji, lakini akijalia nataka wewe ndiye unikande maji ya moto siku zote arobaini, siyo mtu mwingine. Hamisi akupeleke Uhamiaji, siyo Rajabu. Nauli na ada nimeziweka kwenye M-Pesa yako, namba ya siri ni ile ile.

Mwanao,
Idrisa