Shangazi, uliniuliza visu vya nini

Shikamoo Shangazi,

Najua barua hii utasomewa na mjukuu wako kwenye simu yake, kwa hiyo wewe unayesoma, paza sauti na usiruke mstari, hata ule unaomtaja bibi yako.

Krismasi ulinisimamisha uani, sahani ya nyama mkononi, ukoo mzima umekaa, ukauliza: “Wewe visu kumi na saba unamchinja nani?” Watu wakacheka mpaka kuna aliyemwaga pombe yake ya mbege. Nami nikacheka, maana ungefanya nini na dada wa baba yako? Lakini swali la mbele ya watu lijibiwe mbele ya watu. Ndiyo maana sikukupigia simu.

Kwanza nirekebishe hesabu. Sasa ni kumi na nane.

Usishike kichwa. Kumi na saba vile vya kwanza, visu vya kukunja, vimetoka mlimani Kilimanjaro, karibu vyote. Unawajua wagumu, wale vijana wanaobeba mizigo ya watalii. Mtalii akishateremka kutoka kileleni, mita 5,895, miguu inamtetemeka na moyo umelainika, anaanza kugawa: koti, tochi ya kichwani, viatu. Kisu ndicho kinachomtoka upesi kuliko vyote, kwa sababu hataruhusiwa kuingia nacho ndani ya ndege kwenye begi la mkononi. Mgumu anakileta kwangu, tunapatana. Hivyo ndivyo nilivyompata yule Mfaransa mwenye mpini wa mti, Opinel, uliyemwita “kisu cha mtoto”. Nakwambia aliyeanza kuvitengeneza mwaka 1890, Joseph Opinel, alikuwa mtu wa mlimani kama sisi, huko Savoie. Kile kipete cha chuma shingoni, unachokizungusha ili bapa lisijifunge, hakikuwepo mwanzoni. Kiliongezwa mwaka 1955. Na chekundu chenye msalaba, cha Uswisi, unakikumbuka vizuri. Ndicho ulichokifungulia soda ukaniambia angalau hiki kina akili.

Vyote hivyo navipenda. Ila hakuna hata kimoja nilichokuwa nakitafuta.

Nilichokuwa nakitafuta unakijua wewe kuliko mimi, kwa sababu kilikuwa cha baba yako. Babu alipima kahawa kwenye chama cha msingi, enzi ambazo KNCU, ushirika wetu mkuu wa kahawa, ilikuwa ndiyo serikali ya kihamba, shamba la ukoo, na kisu kilikaa mfuko wa kulia wa suruali ya kaki. Alikata nacho kamba za katani za magunia. Jumamosi akitoka mjini alibeba machungwa ya Muheza kwenye kikapu, anakaa kwenye kigoda, sisi wajukuu tunapanga mstari kama askari. Anamenya chungwa ganda lisikatike, linaning'inia refu mpaka chini, anakata kofia ya juu, anampa wa kwanza. Kisha anayefuata. La mwisho likishatoka, anafuta bapa kwenye goti, anakilaza kisu pajani na kukibana kwa kiganja.

Ta!

Huo mlio, Shangazi. Ulikuwa na maana kwamba machungwa yamekwisha na tutawanyike. Sijui kwa nini mtoto wa miaka saba alishike hilo aache kushika hesabu za kuzidisha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Babu alipofariki tukagawana: wewe kitanda, Baba redio, mizani ikarudi chamani. Kisu hakikuonekana. Nawajua mnaomshuku Baba Mdogo mpaka leo. Mimi simo.

Nilipoanza kazi nikaanza kukitafuta. Si kile chenyewe, mimi si mwendawazimu. Nilitaka ndugu yake wa tumbo moja. Nilikumbuka mambo matatu tu: mpini wa pembe nyeusi, bapa lenye makali yaliyonyooka kama rula, na mihuri miwili shinani mwa bapa, nyota na msalaba. Miaka mingi sikujua ni cha nani. Nikapekua mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi, nikaenda Kiboriloni, nikashuka mpaka Arusha. Siku moja, kwenye simu, nikakutana na picha ya nyota na ule msalaba wa ncha nane wanaouita wa Malta, vimekaa pamoja. Joseph Rodgers & Sons, watengenezaji visu wa Sheffield, Uingereza. Alama hiyo waliisajili mwaka 1764. Hebu pima: kabla ya Mjerumani, kabla ya Rebmann kuuona mlima mwaka 1848, hiyo nyota na msalaba vilikuwa vinagongwa kwenye chuma.

Hao watu walikuwa na mbwembwe. Kwa maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 walitengeneza kisu kimoja cha kukunja chenye mabapa na vifaa 75, vikifunguliwa vyote kinafanana na nungunungu aliyekasirika. Tena walijulikana kwa ghala lao la pembe za ndovu, walizochongea mipini. Hapo huwa nanyamaza kidogo. Pembe nyingi za Afrika Mashariki zilivuka Zanzibar kwenda Ulaya, na kabla ya kufika Zanzibar zilibebwa mabegani na watu. Nimewahi kuonyeshwa kisu chenye mpini wa pembe ya ndovu nikakirudisha mezani. Biashara ile mataifa yalikubaliana kuifunga mwaka 1989, lakini hata isingefungwa, mfuko wangu usingekibeba. Pembe ya ng'ombe au ya nyati inanitosha.

Baada ya kulijua jina ndipo nikatapeliwa. Arusha, jamaa mmoja akanitolea kisu kwenye gazeti, amekifunga kama dhahabu. Nyota ipo. Nikatoa elfu sitini mkono unatetemeka. Nikiwa kwenye Coaster, tumeshapita Usa River, nikakivalia miwani: “ROGERS”. Haina D. Msalaba nao ulikuwa ni kijumlisha tu. Baadaye nikajua kwamba jina lile limeigwa duniani tangu zamani, mpaka wenyewe walikuwa wakiwaonya wateja wao. Sikumwambia mama watoto bei. Leo ndiyo anaisoma hapa.

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu, soli ya kiatu changu cha kanisani ikaachia. Nikaenda kwa fundi viatu karibu na soko la Mbuyuni, mzee mmoja mpole mwenye redio isiyozimwa. Anakata raba ya soli huku anasikiliza matangazo ya vifo. Mimi naangalia mkono wake. Kisu kimevaa gundi na masizi, kama kimechovywa kwenye lami. Lakini makali yamenyooka. Nikamwomba nikishike. Nikakwangua shina la bapa kwa ukucha.

Nyota.

Shangazi, mate yalinikauka. Nikakwangua tena, ukatokea msalaba, ncha nane zote. Nikamrudishia haraka kama kimeniunguza, maana uso wangu haujui kuficha kitu na nilijua bei ingepanda hadi kilele cha Kibo.

Ningejisumbua bure. Mzee hakuwa na bei. “Hiki ni mkono wangu,” akasema. “Hela inaliwa jioni, asubuhi nakata soli na nini?” Alikirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi. Nikaenda wiki iliyofuata na kiatu kingine. Kisha na mkanda. Kisha na begi la shule la mtoto ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Mama watoto akaanza kuniuliza mbona tunashonesha kila kitu.

Mwezi wa nne nikaona kovu kwenye kidole chake cha shahada, mstari mweupe kwenye pingili. Nikamuuliza. Akasema, “Huyuhuyu. Nikikandamiza kwa ncha, anajifunga.” Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Visu vya aina hii havina kufuli. Mgongoni mwa mpini kuna springi, chuma kimoja kirefu, na kisigino cha bapa kinailalia. Ukilifungua bapa, springi inakataa mpaka nusu ya njia. Ukiipita nusu, yenyewe inalivuta na kulikalisha. Ni nguvu ya springi tu inayolishika. Kukata kwa makali, salama. Kuchoma kwa ncha, unajitafutia mshono. Kwa kazi ya viatu kilikuwa si chombo sahihi, ila mzee hakuwahi kupata kingine.

Nyumbani nilikuwa na Mora, kisu cha Sweden cha mpini mnene, kilichoachwa na mtalii wa njia ya Machame. Hakikunjiki, ndiyo maana hata katika kumi na saba vyako hakikuhesabiwa. Nikampelekea. Nikamwambia akitumie wiki nzima, asiniambie kitu. Siku ya tano akanipigia mwenyewe. “Njoo na elfu arobaini. Na usiniletee tena mabegi mazima.”

Nilikibeba nyumbani kwenye mfuko wa shati, nimeufunga kifungo, nimeweka mkono juu kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Bodaboda akaniuliza kama kifua kinauma.

Usiku ule sikulala mapema. Kiungo nikakilaza kwenye mafuta ya taa, asubuhi nikakipiga mswaki mkuukuu, gundi ya miaka ikatoka vipande vipande, nyeusi, inanuka duka zima la viatu. Tone la mafuta ya cherehani. Mpini nikaupaka mafuta ya nazi, ule weusi wake ukaamka. Kutu nyekundu nikaiondoa, ule ukijivu nikauacha. Wapo wanaopiga msasa mpaka bapa liwe kioo, lakini msasa unakula alama, na alama ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kisu. Changu kinasomeka: herufi G, taji, herufi R, chini jina lao, kisha Sheffield, England. G na R ni mfalme George. Akina George wamekuwa wengi, ila hilo neno England ndilo linalowachuja, kwa sababu visu vya huko vilianza kugongwa jina la nchi baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890, iliyodai kila bidhaa iseme ilikotoka. Baada ya hapo George wa kwanza kukalia kiti ni wa tano, mwaka 1910. Kwa hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Bapa limenolewa sana, limekonda, limebaki labda theluthi mbili ya upana wake. Mkusanyaji wa Ulaya angekunja pua. Mimi napenda kuona kwamba kilikula kazi.

Na kabla hujauliza: si cha Babu. Nimekigeuza mara mia. Cha Babu kilikuwa na ncha iliyovunjika, na aliyeivunja, Shangazi, kwa kuwa tumeamua kusemezana mbele ya watu, ni msichana mmoja aliyekuwa anafungua kopo la jemu Babu akiwa mnadani, akamsingizia mbwa. Hiki ncha yake ni nzima.

Lakini springi yake bado ni kali. Nilikiacha siku mbili bila kukifunga, nikikiangalia kimelala wazi kwenye gazeti, nimeogopa. Nilijiuliza kama mlio utakuwa mwingine, basi miaka yote ile nilikuwa nafukuza nini. Siku ya tatu, watoto wako shule, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Nikakifuta gotini. Nikakilaza pajani, nikakibana kwa kiganja.

Mama watoto alitoka jikoni kuangalia kilichonichekesha peke yangu.

Sijakitumia bado. Utomvu wa ndizi utaliweka bapa doa jeusi siku ya kwanza tu, chuma cha zamani ndivyo kilivyo, na nataka doa hilo la kwanza liwe la kihamba chenu. Jumamosi ya wiki ijayo napanda, mvua ikinyesha isinyeshe. Mshare, ile ndizi ya mtori, nitaumenya mimi. Kisha utakaa kwenye kile kigoda, macho umefumba, tusigombane, utayafumba.

Machungwa nanunua mwenyewe hapa mjini, nimeshauliza, ya Muheza yapo. Wewe mwite Baba Mdogo naye aje.

Aika, yaani asante, Shangazi.