Historia ya sanaa kwa mtandao sio kupoteza hela, na Chuo Kikuu Huria nacho kianzishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari hapa Tabora mjini, na binti wa marehemu dada yangu ninayeishi naye hapa Isevya anasoma digrii ya kwanza ya historia ya sanaa, kwa mtandao, chuo chenyewe kiko Arizona, Marekani, na ada analipiwa na baba yake mdogo anayefanya kazi huko. Sasa kila nikikutana na watu, iwe msibani iwe sokoni, swali ni lilelile, mwalimu huyo mtoto si angesoma uuguzi, si angesoma hata ugavi, hiyo sanaa ya kwenye laptopu itampeleka wapi. Wengine wanasema kwa nia njema kabisa, nawaelewa, ajira ni ngumu. Ila wanakosea na nataka nieleze kwa nini.

Kwanza watu wanadhani anajifunza kuchora. Hapana. Anajifunza kuangalia kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu, kiwe picha, jengo, sanamu, kiti, chungu, halafu akieleze kimetengenezwaje, nani alikiagiza, kilitumika wapi na kimefikaje kilipo leo. Digrii yenyewe ni krediti 120, miaka minne kwa anayesoma mfululizo, na sio lelemama. Kuna video za mhadhara, kuna kusoma kurasa nyingi kila wiki, kuna asaimenti za kuandika, kuna mijadala na wanafunzi wenzake, na wanatakiwa pia wasome lugha ya kigeni kwa sababu maandishi mengi ya fani hii yako kwa Kijerumani na Kifaransa. Vipindi vingi unasikiliza muda wako, lakini vile vya moja kwa moja ndio kazi, Arizona na sisi tunapishana saa kumi, wao wakiwa saa nne asubuhi huku ni saa mbili usiku, na ndio saa watu wote mtaani wako mtandaoni, bando linakimbia na picha haifunguki. Nimemuona anashusha masomo usiku wa manane ili mchana asome bila mtandao.

Asaimenti moja ndiyo iliyonifanya nikae chini niiheshimu hii kozi. Waliambiwa kila mtu atafute kitu kimoja cha kuchongwa kilicho karibu naye, akiangalie kwa muda mrefu kabla hajaandika neno, na aanze na anachokiona tu, maana ije baadaye. Akachukua kigoda cha babu yake ambacho kimekaa jikoni miaka yote, tunakikalia tukimenya viazi, watoto wanakiburuza, hakuna mtu aliwahi kukifikiria. Akakigeuza juu chini pale uani kwenye mwanga. Juu, mahali pa kukalia, kimelainika na kung'aa kwa makalio ya watu wa vizazi vitatu, lakini chini bado alama za tezo zinaonekana moja moja, fupi fupi, zote zimeelekea upande mmoja, na pale miguu inapoanzia zinageuka. Akanionyesha kwamba hakuna maungio kabisa, kigoda chote ni gogo moja, fundi alichimba mbao akaacha miguu, na ule mguu mmoja ulio mnene kidogo kuliko mingine ni kwa sababu pale kuna jicho la mti na fundi aliogopa kupunguza zaidi pasipasuke. Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na fundi yule sikuwahi kumuona mpaka siku hiyo.

Hiyo ndiyo elimu watu wanaita ya kupoteza hela.

Halafu tuangalie tuko wapi. Tabora hii ilikuwa njia panda ya misafara ya pwani na Ujiji kabla reli haijafikiriwa. Pale Kwihara kuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley kule Ujiji, kuta nene za udongo, paa la bapa. Watalii wachache wanapelekwa wanaonyeshwa alikaa mzungu gani, sawa, lakini nani anawaeleza jengo lenyewe, ujenzi wa pwani umechanganyikaje na tembe la watu wa bara, udongo umechukuliwa wapi, mafundi walikuwa kina nani? Na Wanyamwezi walichonga viti vya enzi vya watemi, vyenye egemeo refu lililochongwa umbo la mtu, na baadhi viko kwenye makumbusho ya nje. Mwanafunzi wa shule yangu anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuona hata picha yake.

Kuna na hili la mali zilizochukuliwa. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani hapahapa, na Januari 1893 boma lake lilipozidiwa alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Washindi wa vita vya namna ile hawakuondoka mikono mitupu, na makumbusho ya Ujerumani mpaka leo yana maelfu ya vitu vilivyotoka Tanganyika. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba radhi kwa yaliyofanyika wakati wa Maji Maji, na mwaka 2024 jumba la makumbusho la Humboldt Forum kule Berlin wakafungua maonyesho ya historia ya Tanzania kwa kushirikiana na Makumbusho yetu ya Taifa. Maana yake mazungumzo yameshaanza. Sasa kwenye meza hiyo anahitajika mtu wa kufuatilia kila kitu kilipatikanaje, kilinunuliwa, kilipewa kama zawadi au kilichukuliwa kwa mtutu, asome rejista ya Mjerumani na pia akae na wazee wa Urambo na Itetemia wamweleze kile kitu kinaitwaje na kilishikwa na nani. Fani ya kazi hiyo ni hii hii ya historia ya sanaa. Na nani ataifanya vizuri kuliko kijana anayesikia Kinyamwezi?

Lakini niseme ukweli na upande wa pili, kwa sababu sipendi mzazi mwingine auze shamba kwa kusoma barua yangu. Ada za vyuo vya nje ni kubwa mno, bila ndugu au ufadhili usijaribu. Kuna matapeli wanauza vyeti vya digrii za mtandaoni, kwa hiyo kabla ya kulipa hata senti nendeni Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mkaulize kama chuo hicho kinatambulika na kama wanakubali digrii iliyosomwa kwa njia ya mtandao, wao ndio wanaotathmini vyeti vya nje. Na mtaala wenyewe haukuandikwa kwa ajili yetu. Binti amesoma mchoraji Giotto wa Italia, amesoma dari la Michelangelo pale Vatikani lililochorwa kuanzia 1508 mpaka 1512, na mimi nasema asome, ni kazi kubwa za binadamu. Ila Afrika nzima imepewa wiki chache tu mwishoni mwa muhula, bara zima! Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, hakuisikia darasani, kaitafuta mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 Dar es Salaam kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vibao, akafariki 1972, na kwa miaka hiyo michache akaacha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Sam Ntiro wa Kilimanjaro naye mchoraji, alisoma Makerere na chuo cha sanaa cha Slade kule London, picha yake iko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, MoMA, New York, na ndiye alikuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Hawa wanastahili somo zima, sio aya moja.

Ndio maana hoja yangu naielekeza kwa Chuo Kikuu Huria. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa lengo hilohilo, mtu asome akiwa kwao bila kuacha kazi wala familia, na kina kituo hapa Tabora na kingine Kigoma. Kusomesha watu walio mbali wanakujua kuliko wengi. Naomba waanzishe digrii ya historia ya sanaa kwa mtandao, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa na walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na wa chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo. Picha za kufundishia zipo, makumbusho ya Metropolitan ya New York tangu 2017 imeachia picha zake kwa maelfu bure kwa matumizi yoyote, kazi iliyobaki ni kupiga picha za vitu vyetu na kuviandikia. Na kwa kuwa ni chuo cha ndani, mwanafunzi angalau ataweza kuomba mkopo wa bodi kama wenzake, na asaimenti zitakuwa za vitu anavyoweza kuvifikia kwa bodaboda. Wa Kigoma aandike kuhusu stesheni ya Mjerumani, au Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani 1913 ikaja vipande vipande mpaka Ziwa Tanganyika. Wa hapa aende Kwihara.

Kama kikwazo ni walimu, basi waseme wanahitaji wangapi na wa kiwango gani, tujue. Binti huyu anamaliza mwakani na ameshaniambia anataka kurudi kufundisha, hata kama ni kwa kujitolea kwa kuanzia. Naomba wahusika wanijibu humuhumu gazetini.

Mwalimu wa Historia,
Isevya, Tabora.