Risala ya Klabu ya Hisabati kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, Sheha wetu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Klabu yetu ina wanachama 22, na mwaka mzima huu tumeumalizia kwenye mshipi mmoja wa kuvulia. Mzazi mmoja alipita akasikia tunavyoupiga, akenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu kuuliza tangu lini skuli imefungua kikundi cha taarab. Risala hii ni jawabu yake pia.

Mheshimiwa, mshipi tuliutandika juu ya ubao wa sentimita 120. Tulipoubana katikati, kwenye 60, sauti ilikuwa ile ile ila imepanda, kama mama na mtoto wanaoimba wimbo mmoja. Tulipoubana kwenye 80, yaani theluthi mbili, ikatoka sauti nyengine inayokaa vizuri na ile ya mwanzo. Kwenye 90, robo tatu, vile vile. Kwenye 83 masikio yalikataa. Kumbe zile sehemu tunazozikokotoa kwa kuguna darasani ndizo zinazopendeza sikioni.

Kilichotutoa jasho ni uzito. Ncha ya mshipi tuliining'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 2, tuliopimiwa dukani. Sote tuliamini kwamba kwa kilo 4 sauti itafika pale pale pa nusu ya mshipi. Haikufika. Kilo 5, bado. Kilo 6, mshipi ukakatika, mchanga ukamwagikia daftari la mweka hazina. Tukatafuta mshipi mnene zaidi, tukaanza tena na kilo 2, na hatukuipata sauti ile mpaka kilo 8. Uzito mara 4, sauti mara 2, na 2 ndiyo kipeuo cha pili cha 4. Hatujawahi kukishangilia kipeuo cha pili kama siku ile.

Ngoma ilikuwa nyepesi: mmoja apige kila hesabu ya 2, mwenziwe kila ya 3, watakutana kwenye ya 6. Hicho ni kigawe kidogo cha shirika, na wapigaji wa kidumbak wanacho mikononi.

Wala haya si mageni kwetu, Mheshimiwa. Kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa, kilichoundwa Unguja mwaka 1905, kina jina la wanazuoni wa Basra wa karne ya 10. Wanazuoni wale waliandika risala 52. Ya kwanza ni ya hesabu, ya tano ni ya muziki, na zote mbili wakazitia katika fungu moja, la hisabati.

Sasa shida yetu. Tulikopeshwa kinanda cha umeme. Kinanda hicho kimeigawa oktava, yaani mpando wa kutoka sauti ya mshipi mzima hadi ile ya nusu yake, sehemu 12 zilizo sawa, kila sauti ni ile iliyotangulia mara 1.0595. Hesabu yake nzuri, lakini theluthi mbili yetu haikai humo barabara: kila hatua yake huzidisha sauti mara 1.5, ukizipanda hatua 12 unafika 129.75, na oktava 7, kila moja mara 2, ni 128 tu. Tuliikokotoa kwa mkono jioni nzima tukidhani tumekosea. Tena zipo sauti za taarab, kama zile za makamu (mpangilio wa sauti) ya Rasti, zinazoangukia baina ya vibonyezo viwili, na kinanda hakina pa kuzipata.

Kwa hiyo hatuombi kinanda kikubwa zaidi. Tunaomba kanuni, chombo cha nyuzi chenye jina lile lile la kanuni tunazokariri darasani, ambacho mpigaji huzihamisha sauti kwa vikono vidogo vya chuma. Ikiwa bei haishikiki, basi tunaomba nauli ya boti ya wanachama 22 na mwalimu mmoja, twende Unguja tukakae na wapigaji tuwapimie nyuzi zao.

Tunaomba kuwasilisha. Na kwa ruhusa yako, mwenzetu sasa ataining'iniza ile kilo 8. Tafadhali sogeza kiti nyuma kidogo.